PCB, Divisheni II ya pointi 10: niombe MD, nirisiti, au niende diploma?

Swali: "Shikamoo daktari. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCB. Matokeo yangu ni Fizikia D, Kemia C, Biolojia C, Divisheni II ya 10. Ndoto yangu ni udaktari. Mjomba anasema nirisiti. Mwalimu wangu wa Biolojia anasema niende diploma ya Clinical Medicine halafu nipande taratibu. Kuna na wakala alikuja hadi nyumbani, anasema atanipeleka nje nikasome udaktari bila usumbufu wowote. Baba analima tumbaku huku Urambo na tuko watoto sita. Niombe wapi, na nianze na nini?"

Marahaba binti yangu, na hongera. Wewe ndiye mwenye matokeo haya, kwa hiyo tuanze na matokeo yenyewe kabla ya ushauri wa mjomba, mwalimu au huyo wakala.

Ile 10 uliyoandikiwa na NECTA (Baraza la Mitihani) ni pointi za divisheni. Pale A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5, na kadiri pointi zinavyopungua ndivyo ulivyofaulu zaidi. TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, wanahesabu kwa kuelekea upande wa pili: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hesabu yao wewe una pointi 8. Kila mwaka napokea ujumbe wa vijana waliosoma kwenye mwongozo wa udahili wa TCU kwamba MD, yaani shahada ya udaktari, inataka pointi zisizopungua 6, wakaangalia 10 yao wakachanganyikiwa: wengine wanadhani wamepita mbali, wengine wanadhani wamekosa. Zinazotajwa kwenye mwongozo ni pointi za TCU, na zinahesabiwa kwenye Fizikia, Kemia na Biolojia peke yake. BAM (Hesabu za msingi) na General Studies hazimo. Masomo yote matatu lazima yawe na prinsipo, yaani E kwenda juu. Mwenye S, alama iliyo chini ya E, kwenye Fizikia hana sifa hata kama ana A mbili kwingine. Wewe una prinsipo tatu na pointi 8, kwa hiyo una sifa ya kuomba.

Kuwa na sifa ya kuomba hakumaanishi utachaguliwa. Kiwango cha chini kinasema nani aruhusiwe kusimama kwenye foleni. Nafasi za MD ni chache, waombaji ni wengi, na chuo kinapanga majina kuanzia mwenye ufaulu wa juu kushuka chini mpaka nafasi ziishe. Muhimbili nafasi huisha zikiwa bado mikononi mwa watu wa Divisheni I, tena zile za juu. Sisemi hivi ili nikukatishe tamaa, ila nataka ujue kwamba ukiomba MD Muhimbili peke yake ukakaa kusubiri, Oktoba itakukuta nyumbani.

Tena usipoteze usiku mtandaoni ukisoma jinsi ya kuandika barua ya kueleza kwa nini unapenda udaktari, jinsi ya kujibu maswali ya usaili, au mtihani wa MCAT. Huo ni utaratibu wa Marekani, ambako mtu huingia shule ya udaktari akiwa tayari na shahada ya kwanza. Hapa kwetu unaingia MD moja kwa moja kutoka kidato cha sita au diploma, hakuna usaili, na hakuna anayesoma barua yako. Zinaangaliwa alama tu. Kama utaratibu huu ni wa haki au la, hilo tuliache kwa leo. Mimi nina shaka nao, maana nimeona wodini vijana wa A tatu wasioweza kumtazama mgonjwa usoni.

Kinachobaki mikononi mwako basi ni mambo mawili: unaombaje, na nani atalipa.

Zamani, kuanzia 2010, maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 kila mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye tovuti ya kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi isiyorudishwa. Kwa hiyo idadi ya vyuo utakavyoomba inategemea mfuko wako. Kabla ya kulipa hata shilingi, ingia tovuti ya TCU upakue mwongozo wa udahili wa mwaka huu. Haulipiwi. Upo wa wahitimu wa kidato cha sita na upo wa wenye diploma, chukua wa kwanza. Humo kila kozi ina safu ya sifa na safu ya idadi ya nafasi. Soma zote mbili kwa kila chuo, maana vyuo vingine vinaongeza masharti yao juu ya zile pointi 6, hasa kwenye alama ya Kemia na Biolojia. Na angalia idadi ya nafasi: chuo chenye nafasi nyingi za MD kinashuka chini zaidi kwenye orodha ya majina kuliko chenye nafasi chache. Ni jambo dogo, lakini sijaona waombaji wengi wakilifanya.

Kwa upande wa vyuo vya umma, ukiacha Muhimbili, MD inafundishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Mbeya, na SUZA, chuo kikuu cha taifa kule Zanzibar. Upande wa vyuo vya dini na binafsi wapo KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Kairuki Dar es Salaam, Mtakatifu Fransisko Ifakara, na vingine. Ukitokea Urambo, Mwanza ni jirani kuliko Dar es Salaam, na Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima. Mwanafunzi wa mwaka wa nne pale hakosi mgonjwa wa kumwona. Hapo ndipo ninapotofautiana na wazazi wengi, wanaopima chuo kwa jina. Kwa udaktari, pima hospitali iliyo nyuma ya chuo: ina vitanda vya kutosha? Ina wodi ya watoto, ya uzazi, ya upasuaji, au wanafunzi husafirishwa kwenda kuazima wagonjwa hospitali nyingine? Shahada ya Bugando au ya Ifakara inakupeleka kwenye daftari lilelile la Baraza la Madaktari Tanganyika ambalo la Muhimbili linakupeleka.

Kwa pointi zako ningegawanya hivi: chuo kimoja cha umma chenye nafasi nyingi, viwili vya dini au binafsi ambavyo mwongozo unaonyesha unakidhi masharti yao yote. Muhimbili, kama pesa ya maombi inabana, ningeiacha mwaka huu.

Dirisha la kwanza ndilo la maana. Linafunguliwa baada ya matokeo kutoka Julai, na MD za vyuo vya umma hujaa humo humo. Dirisha la pili na la tatu hubaki na kozi zenye nafasi, na kwa MD mara nyingi zinazobaki ni za vyuo vyenye ada kubwa. Ndani ya kila chuo utaulizwa kozi kadhaa kwa mpangilio wa unavyozipenda. Hapa uwe makini. Kozi uliyoiweka ya tatu "ili kujaza nafasi" ni kozi uliyoiomba kweli, na ukichaguliwa hiyo, umechaguliwa. Hutaruhusiwa kurudi dirisha la pili kuomba MD kama vile hakuna kilichotokea. Kila msimu kuna mtoto anayelia kwamba "wamenipa" Afya ya Mazingira, kumbe aliiandika mwenyewe saa sita usiku siku ya mwisho. Andika tu kozi ambayo ukiambiwa kesho uanze, utaenda. Kama ni uuguzi, andika uuguzi kwa kuwa unaukubali. Usiingie uuguzi kwa matumaini ya kuhamia MD baada ya mwezi. Uhamisho wa kozi una masharti, unategemea nafasi, na wanaobaki wakisubiri ni wengi kuliko wanaohama.

Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, utatumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu au barua pepe ili uthibitishe kimoja. Muda wa kuthibitisha ni siku chache. Tumia namba ya simu yako mwenyewe, isiwe ya mwenye stationery aliyekujazia fomu, na barua pepe ambayo nywila yake unaikumbuka. Wenzako walioitwa JKT wengi hukwama hapo kwa kuwa simu zao zipo kwa watu wengine, na ujumbe huingia wakiwa kwenye gwaride. Wewe uko nyumbani, huna kisingizio.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo, maana kwa mtoto wa mkulima mwenye watoto sita hapa ndipo udaktari unapopatikana au kukosekana.

MD ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Ada ya MD chuo binafsi kwa mwaka huzidi mara mbili ya ile ya chuo cha umma, bado chakula, pango, vitabu, koti, stetoskopu na nauli. Ombi la mkopo HESLB (Bodi ya Mikopo) lisisubiri ujue umechaguliwa wapi. Dirisha la mkopo huwa wazi kipindi hichohicho cha maombi ya vyuo, na hufungwa bila kumhurumia mtu. Kozi za afya zimo kwenye zile zinazopewa kipaumbele, lakini kinachoamua kiasi ni hali ya familia kama ilivyoandikwa na kuthibitishwa kwenye fomu. Bodi haijui hali ya kwenu Urambo, inajua karatasi tu.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao, nao watakupa namba ya uhakiki ya kuingiza kwenye fomu ya mkopo. Wazanzibari wana wakala wao wa usajili. Fanya hili leo, kwa sababu karibu na mwisho wa dirisha nchi nzima inakuwa kwenye mlango huohuo. Linganisha majina herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA. Kama cha kuzaliwa kina majina mawili na cha shule yapo matatu, au shuleni walikuandika jina la babu kwa "y" na RITA kwa "i", nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina kabla hujajaza chochote. Halafu namba ya mtihani ya kidato cha nne: hiyohiyo utakayoiweka HESLB ndiyo uiweke kwenye kila chuo, kwa sababu ndiyo inayounganisha mkopo na udahili wako. Ukirisiti kidato cha nne ukawa na namba mbili, ukaweka moja huku na nyingine kule, utakuwa chuoni na mkopo wako hauonekani, na utaanza kupanga foleni ofisi ya mikopo wakati wenzako wanapokea boom, yaani fedha ya kujikimu.

Fomu ikishachapwa inataka sahihi na mihuri: uongozi wa kijiji au mtaa, hakimu au wakili, mdhamini na picha yake na nakala ya kitambulisho chake. Mdhamini asiwe mtu wa kumtafuta kwa simu kutoka mkoa mwingine. Usipakie ukurasa wenye muhuri usiosomeka. Mwombe mtendaji aupige tena palipo wazi. Kama kaya yenu iko TASAF (mpango wa kusaidia kaya maskini), namba ya kaya iandikwe. Kuhusu kipato cha baba, andika ukweli wa mkulima: fedha ya tumbaku inaingia msimu wa masoko kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), baada ya kukatwa madeni ya pembejeo, na kuna mwaka malipo yanachelewa. Wazazi wengine wanaona aibu kuandika kidogo, wanaongeza ili waonekane watu. Aibu hiyo inakuja kulipwa na mtoto mwaka wa kwanza.

Jambo jingine ambalo familia nyingi huligundua zikiwa zimechelewa: mkopo wa ada una ukomo. Chuo binafsi kikitoza zaidi ya ukomo huo, tofauti ni yako, na hata huo ukomo wenyewe si kila mtu anapewa wote. Kwa hiyo kabla hujathibitisha MD ya chuo binafsi, kaa na baba, piga tofauti ile mara tano. Msipige ya mwaka mmoja. Wapo wanaouza ng'ombe na shamba kulipa mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa tatu, anatomia yote imeshapita na wodi ndiyo inaanza, mtoto anarudi nyumbani kwa sababu ya ada. Huyo ameumia kuliko aliyekosa nafasi. Baadaye ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo, na hilo baba alijue pia asije akadhani ni msaada.

Nije kwa washauri wako watatu.

Wakala namwanza yeye, kwa kuwa ndiye mwenye haraka. Kusoma nje kwenyewe si kosa, nina wenzangu kazini waliosoma China na India na ni madaktari wazuri. Lakini neno "bila usumbufu" ndilo linalonitia wasiwasi. Ili usome nje na shahada yako itambulike, unahitaji hati ya TCU ya kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka, na wanaitoa kwa mtu mwenye sifa za kusoma kozi hiyo hapa nchini. Ukirudi, shahada inapelekwa TCU itambuliwe, na Baraza la Madaktari linakutaka ufanye mtihani kabla ya kukuruhusu kuanza utarajali. Muulize wakala kama amesajiliwa na TCU, akuonyeshe, kisha wewe mwenyewe uhakikishe TCU. Muulize pia wagonjwa wa huko wanaongea lugha gani. Darasani mtafundishwa kwa Kiingereza, sawa, lakini mwaka wa nne ukisimama mbele ya bibi mgonjwa anayejua Kichina tu, utachukua historia ya ugonjwa kwa ishara? Na kuna mambo hakuna wakala anayeweza kuyazuia. Vijana wetu waliokuwa Ukraine 2022 na Sudan 2023 walilazimika kuondoka vita ilipoanza, masomo yakiwa katikati. Zipo nafasi za ufadhili wa nchi rafiki zinazotangazwa na Wizara ya Elimu, hizo ziombe kwa mikono miwili. Ila kwa familia yenu, kulipia mfukoni udaktari wa nje kupitia mtu aliyekuja na kipeperushi, jibu langu ni hapana.

Mjomba anakupenda, lakini sikubaliani naye. Kurisiti kuna maana kwa mtu aliyeugua wakati wa mtihani, au mwenye S ya Fizikia inayomfungia mlango wote. Wewe ukirudia ukatoka D kwenda C ya Fizikia, unapata pointi 9. Foleni ni ileile, na umesogea hatua moja. Ili mwaka huo ulipe, unahitaji kurudi na B mbili angalau, na swali la kujiuliza bila kujidanganya ni hili: kitu gani kitabadilika? Kama shule yenu haikuwa na mwalimu wa Fizikia na sasa umepata mahali penye mwalimu na maabara, naweza kukuelewa. Kama utakaa nyumbani na daftari zilezile, ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, huku ukisaidia shamba, mtihani wa vitendo peke yake utakushinda, maana titresheni haifanywi jikoni.

Mwalimu wako wa Biolojia ndiye aliyesema la maana kuliko wote, ingawa utaambiwa kwamba ukienda diploma umepoteza miaka miwili ya kidato cha tano na sita, kwa kuwa diploma inaingiwa na matokeo ya kidato cha nne. Ni kweli kwenye karatasi. Lakini mtu aliyesoma PCB akiingia Clinical Medicine anaanza akiwa mbele. Diploma ni miaka mitatu, maombi yanapitia NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 HESLB imeanza kukopesha pia diploma za fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Ukimaliza ni tabibu, mwenye kazi yake kamili. Ukienda zahanati za vijijini huko kwenu Tabora, anayeitwa "daktari" na kijiji kizima mara nyingi ni tabibu, na ndiye anayeshughulika na malaria kali, nimonia ya mtoto na jeraha la panga usiku. Nimewafundisha wengi waliotoka huko. Mwaka wa kwanza baiokemia huwatesa. Tukiingia wodini mwaka wa tatu, wao ndio wanaojua kumsogelea mgonjwa, kuuliza maswali kwa mpangilio na kupata mshipa wa mtoto anayelia, huku wenzao wa A tatu wakishika sindano kana kwamba itawauma wao.

Ila kuna mtego, na ndio maana nakuuliza jambo ambalo hukulitaja: Hesabu ya kidato cha nne ulipata nini? Mwenye diploma ya Clinical Medicine anayeomba MD anatakiwa awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu ya hapo awe na angalau D ya kidato cha nne kwenye Hesabu, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza. PCB imejaa vijana wenye F ya Hesabu, kwa sababu kidato cha sita hawakuulizwa hiyo. Anasoma diploma miaka mitatu, anapata GPA ya kujivunia, anaomba MD, mfumo unamkataa kwa F ya Hesabu aliyoipata akiwa na miaka kumi na sita. Kama wewe ni mmoja wao, kurisiti kwa maana kwako ni kurisiti Hesabu ya kidato cha nne, tena mapema, na kwa hilo nitamuunga mkono mjomba kwa asilimia mia. Na ujue kwamba 3.0 nayo ni kiwango cha chini tu, kwani nafasi za wenye diploma ni chache kuliko zenu wa kidato cha sita na ushindani wake ni mkali.

Miaka ukiihesabu: MD mwaka huu, unamaliza utarajali baada ya miaka sita. Kwa kupitia diploma ni tisa, kama hukusimama kufanya kazi katikati. Tofauti ya miaka mitatu si ndogo, hasa kwa msichana ambaye nyumbani wataanza kuulizia ndoa. Lakini katika miaka hiyo tisa, sita ya mwisho unaiingia ukiwa na cheti cha kukupatia kazi.

Na kuhusu kazi, mwambie baba bila kuficha kwamba MD siku hizi si ajira ya moja kwa moja. Wapo madaktari waliomaliza utarajali wanaosubiri tangazo la ajira, wanashika zamu hospitali binafsi kwa malipo madogo. Hospitali na vituo vya afya vinahitaji watu, bajeti ya kuwaajiri ni jambo jingine. Usisome udaktari ukiwa na ahadi ya gari kichwani.

Kwa hiyo mpango wako, kama ningekuwa naupanga mimi, ni huu. Wiki hii RITA na majina. Fomu ya HESLB mara dirisha likifunguliwa. MD vyuo vitatu dirisha la kwanza, na chini yake kozi moja tu ambayo kweli utaisoma, famasi au maabara ya tiba kwa mfano. Sambamba na hayo, maombi ya diploma ya Clinical Medicine kupitia NACTVET, usisubiri ya TCU yakwame ndipo uanze, kwa kuwa kalenda zao hazingojani. Ukipata MD ya chuo cha umma, nenda, hata kama mkopo umetoka pungufu. Pungufu hiyo familia inaweza kuibeba, na kuna kukata rufaa ya mkopo. Ukipata MD ya chuo binafsi na mkopo wa kutosha, nenda. Ukipata MD ya chuo binafsi bila mkopo, na ile hesabu ya mara tano haijibiki, chukua diploma bila kuangalia nyuma.

Hadi vyuo vifunguliwe Oktoba au Novemba una miezi mikononi. Usianze kukariri anatomia, utafundishwa. Shida ya wengi mwaka wa kwanza ni Kiingereza cha kusoma kurasa arobaini kwa usiku mmoja na kubaki na kitu kichwani, na anayeshindwa hilo ndiye anayebeba sup (mitihani ya marudio) mpaka anadisco, yaani anaondolewa chuoni kwa kufeli. Soma kila siku kurasa kadhaa za Kiingereza, kitabu chochote cha Biolojia ulichobaki nacho, kisha funga na uandike kwa maneno yako ulichoelewa. Rudia sura za seli, damu, na mzunguko wa moyo, na katika Kemia rudia asidi na besi, maana baiokemia itakudai hizo. Jifunze kuchapa kwenye kompyuta hata kama ni kwa kulipia saa moja stationery. Na uende kituo cha afya cha hapo Urambo, umsalimie mganga mfawidhi, umwombe ukae pale siku chache, wasichokikataza ukitazame: mapokezi, kliniki ya watoto, chumba cha vidonda. Ukitoka pale ukiwa bado unautaka, niandikie tena ukiniambia na ile alama ya Hesabu.